Ofisa wa Uadilifu Mezani

Mume wangu alitoka jeshini akiwa meja, na mpaka leo kila mtu humwita Meja, hata mimi, hata mama yake mzazi. Miaka yake mingi jeshini hakupigana na mtu. Alisimamia maghala. Kazi yake ilikuwa kujua kilichoingia, kilichotoka, na nani anadanganya. Alipostaafu akauleta ujuzi huo nyumbani. Alikagua kabati la vyombo, akapanga viatu vya watoto kwa ukubwa, akanitaka nieleze kwa nini sufuria mbili hazina mifuniko. Nilimvumilia mpaka asubuhi aliponiuliza kijiko kimoja kimekwenda wapi. Nikamwambia atafute kazi kabla sijamtafutia mke mwingine.

Kazi ikapatikana kwenye shirikisho la mpira. Walitaka ofisa wa uadilifu, yaani mtu wa kuwabana wanaopanga matokeo, wanaouza mechi na wanaobeti kwenye mechi za timu zao wenyewe. Meja hakuujua mpira. Kuotea hajakuelewa mpaka leo. Ukimweleza anaitikia kwa adabu, kama mgonjwa mbele ya daktari asiyemwamini. Lakini wakubwa wa shirikisho walisema wapenzi wa mpira wanao tele, wanachokosa ni mtu asiyezoeleka. Kwa hilo walimpata mwenyewe.

Wakampa chumba kilichokuwa stoo ya nyavu za magoli, na harufu ya nyavu haikuhama. Siku ya mechi alikaa kando ya uwanja akiupa mchezo kisogo, akiwatazama watu wa jukwaani na wa kwenye mabenchi. Mabao aliyajua kwa kelele. Aliwahi kumwandama kocha mmoja msimu mzima kwa sababu kila mechi alitazama saa na kunong'ona peke yake. Uchunguzi ukaonyesha kwamba kocha alikuwa anasali. Meja akaandika kwamba hilo si kosa, ila timu ijitahidi kumpa sababu chache za kusali.

Siku zisizo na mechi alizunguka kwenye timu kufundisha. Aliwapanga wachezaji mstari, makocha na madereva wa timu nao humohumo, akawaambia jambo moja tu: ukifuatwa na mtu wa kamari, ripoti kwa ofisa wa uadilifu. Usiporipoti, umeshiriki. Hata kama ulikataa, hata kama ulimtukana na kumfukuza, kama hukuripoti unafungiwa mwaka mzima. Watu walilalamika kwamba kanuni hiyo ni kali. Meja alisema kanuni laini alishaziona jeshini, na ndizo zilizompa kazi nyingi.

Nyumbani akaweka amri nyingine. Tangu aanze kazi, ndugu walikuwa hawaishi kuja kuomba tiketi na kumletea umbea wa waamuzi. Basi akatangaza kwamba kazi inaishia mlangoni. Akirudi, alivua koti lenye kitambulisho, akalitundika kwenye msumari kando ya mlango, na kuanzia hapo hakutaka kusikia neno mpira. Mimi niliipenda amri hiyo, sitasema uongo. Ilinipunguzia wageni.

Sasa nimlete mdogo wangu. Ni kitindamimba wetu, mpole, mcheshi, na maishani mwake kazi moja tu imemkaa: ni mtunza vifaa wa timu ya ligi. Anafua jezi, anajaza mipira upepo, anapiga viatu dawa. Saa kadhaa kabla ya mechi kocha humnong'oneza kikosi, naye huzitundika jezi kwenye chumba cha kubadilishia nguo kwa mpangilio wa watakaocheza. Kwa hiyo kabla ya waandishi, kabla ya mashabiki, na mara nyingine kabla ya wachezaji wenyewe, mdogo wangu anajua nani yumo na nani hayumo. Mimi dada yake nilidhani kazi yake ni sabuni tu.

Jumapili moja alikuja kula kwetu. Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, nampakulia Meja, alipoanza.

"Shemeji, kuna jamaa ananisumbua. Anataka siku ya mechi nimpigie picha jezi zikishatundikwa."

Meja akainua kiganja. "Ofisini."

"Nimemkatalia, lakini anarudirudi. Nikaona bora nikuambie."

"Nimesema ofisini, shemeji. Hapa kula."

Mdogo wangu akala. Nilimwona amepumua, kama mtu aliyetua mzigo. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha: amemwambia mkubwa, mkubwa amesikia. Jumatatu hakwenda ofisini, wala Jumanne. Nilipomuuliza baadaye alinishangaa. "Dada, niende kumwambia mara ya pili? Si atadhani namwona kiziwi?"

Jamaa naye hakukata tamaa. Alimwendea dereva wa timu, na dereva akapiga picha. Golikipa tegemeo alikuwa mgonjwa, kambini ilikuwa siri, lakini watu wa kamari walijua kabla timu haijapasha misuli. Polisi wakamkamata jamaa na simu yake. Dereva akafungiwa maisha. Na ndani ya simu hiyohiyo yalikuwamo mazungumzo na mdogo wangu, ambaye kila alipoombwa picha alijibu kwa upole kwamba hawezi, na mara ya mwisho akamuulizia hali ya watoto. Kwa hiyo ilijulikana wazi kwamba alikataa. Ilijulikana pia kwamba alifuatwa, na kwamba ofisi haikuwa na taarifa yoyote kutoka kwake. Akaitwa mbele ya kamati.

Meja alitangaza kwamba mtuhumiwa ni shemeji yake, akajitoa kwenye kesi na kumkabidhi mwanasheria wa shirikisho. Alirudi nyumbani amejaa usafi wa moyo. Nikamngoja atundike koti.

"Alikuambia," nikasema.

"Aliniambia kama shemeji."

"Masikio ya shemeji unayo wapi, na ya ofisa umeyaweka wapi? Nionyeshe, nisije nikayafua pamoja na koti."

Nilikuwa na hasira ya kweli. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuniomba nifunge mdomo. "Usiseme, dada," aliniambia, "nikimtaja shemeji, naye ataingia. Mimi nitavumilia mwaka." Lakini nilijua mwaka ungemmaliza. Timu ingeajiri mwingine, na huyo mwingine asingeondoka. Siku zote zile Meja alikula, akaosha sahani yake, akaenda kulala. Siku ya kamati nikavaa nguo ya kutokea, nikamwambia naenda kutoa ushahidi. Akasema twende, ana gari.

Kamati ilikuwa na watu watatu, na mwenyekiti wake alikuwa hakimu mstaafu, mama mwembamba aliyening'iniza miwani shingoni kwa mnyororo. Mdogo wangu alisimama mbele yao kwenye shati nililompigia pasi mwenyewe.

"Ulimweleza mtu yeyote?" mwenyekiti akamuuliza.

Akatazama sakafu. "Hapana, mheshimiwa."

Nikainuka. Kabla sijafungua mdomo nikasikia kiti cha nyuma yangu kikisukumwa.

"Aliripoti," Meja akasema. "Aliripoti kwangu, nyumbani kwangu, siku nyingi kabla ya mechi."

Mwenyekiti akaivaa miwani. "Alikuja ofisini?"

"Hapana. Tulikuwa mezani."

"Maongezi ya mezani tuyahesabu kuwa ripoti?"

"Kanuni inasema aripoti kwa ofisa wa uadilifu. Haisemi ofisa awe amekaa wapi."

Mdogo wangu akaanza kutikisa kichwa. Mwenyekiti hakumtazama.

"Na ofisa alichukua hatua gani?"

"Nilimwambia ale."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitamani mmoja wao acheke, ili jambo lile lishuke uzito.

"Unaelewa kauli hiyo inakupeleka wapi?"

"Naelewa, mheshimiwa. Ni mimi ninayewafundisha. Nilijua, sikuripoti, dereva akaharibikiwa, na huyu akaletwa hapa. Adhabu ni mwaka mmoja. Kwa cheo changu ningependekeza miwili."

Wakatutoa nje, wakatuita tena. Mdogo wangu akaambiwa hana kosa, arudi kazini. Meja akafungiwa miaka miwili, kama alivyopendekeza. Mwenyekiti alisema hakuona sababu ya kubishana na mtaalamu. Nililia palepale, na sikujificha. Wiki nzima nilikuwa nimeomba naye aadhibiwe, na alipoadhibiwa iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Kwenye korido mdogo wangu alimshika mkono. "Shemeji, si ungeniacha tu. Kufua naweza kufua popote."

"Wewe ulisema," Meja akamjibu. "Mimi ndiye niliyenyamaza."

Alikwenda kwenye stoo yake, akafunga, akampa mlinzi ufunguo na kitambulisho. Mlinzi alikuwa kijana aliyemwajiri yeye mwenyewe. Alivipokea, akabaki amesimama, anabadilisha ufunguo mkono huu na ule. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Una nini?" Meja akamuuliza.

"Samahani, mzee. Ni ile amri yako. Ulisema mtu akishafungiwa, asibaki ndani ya uzio hata dakika moja, na mlinzi amsindikize mpaka nje. Ulisema hata awe nani."

Meja akamrekebisha kola ya shati.

"Sawasawa kabisa," akasema. "Tangulia."

Mlinzi akatangulia. Meja akafuata, mimi nikafuata. Mdogo wangu hakuwa amefungiwa na hakuna aliyemtoa, na jezi zilikuwa zinamngoja, lakini naye akaja kwenye mstari, nyuma yangu, mpaka tukatoka wote getini.