Epo kwa Mgonjwa

Mdalasini ukinukia jikoni kwangu, naiona nyumba yetu ya Kirumba na mdogo wangu amelala mkekani. Homa ilikuwa imemwachia, lakini chakula alikikataa kabisa. Uji aliutema, samaki hakutaka hata kumwona.

Jioni mama mdogo alifika kutoka kwenye bekari alikokuwa akifanya kazi. Alileta donge la unga wa ngano uliokandwa tayari na maepo mekundu, matunda ambayo ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kuonekana madukani.

“Dada, nipe sufuria,” alisema. “Kupika hiki hakuna kazi kubwa.”

Alikata maepo vipande vyembamba, akavinyunyizia sukari na mdalasini, akavifunika kwa ule unga. Akaweka moto chini, na makaa mengine juu ya mfuniko. Nyumba nzima ikanukia.

Mdogo wangu akainua kichwa. “Mama, mnapika nini?”

Mama alimlisha kipande huku akikipuliza. Akatafuna polepole, akameza. Sote tulimtazama.

“Mbona hamniongezi?” akauliza.

Mama akaketi sakafuni palepale, akacheka huku machozi yakimtoka.