Nyangumi Niliyempigia Hodi

Juzi mjukuu wangu alinionesha nyangumi kwenye simu, nikacheka peke yangu. Wangu mimi, nilipokuwa mtoto, alikwama ufukweni kwetu Wambaa, amekufa, mkubwa kuliko msikiti wetu, ananuka hata machozi yakatutoka. Mzee Faki, fundi wa ngalawa, alishainua shoka ampasue apate mafuta. Asubuhi ile chuoni, tulikosoma Kurani, tulikuwa tumesomeshwa kisa cha Nabii Yunus aliyemezwa na nyangumi, basi nikapiga ukelele: "Msimpasue! Nabii yumo ndani!"

Watu wakacheka. Mzee Faki hakucheka. "Haya, mwanangu, mpigie hodi. Hodi tatu. Asipoitika hayumo, nasi tufanye kazi yetu."

Nikaligonga lile tumbo lenye utelezi. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Ya tatu, tumbo likanguruma, likashusha pumzi ndefu ya uvundo.

Siku hizi najua ile ilikuwa gesi tu. Siku ile hakubaki mtu pwani. Wa mbele kabisa alikuwa Mzee Faki, shoka kalitupa, kikoi kakishika mkononi kisimvuke, akipiga kelele: "Samahani, ya Nabii! Miye nilikuwa napita tu!"