Kufuli Jipya Mlangoni kwa Mama

Nyumba ya mama yangu haikuwahi kuona kufuli mpaka siku tulipoikimbia. Iko Myamba, kwenye mteremko, migomba juu yake na shamba la tangawizi chini yake, na baba amelala pembeni chini ya msalaba wa saruji. Mama akienda kanisani au gulioni alivuta mlango, akaufunga kwa kamba ya mgomba, basi. Kamba ile haikuwa ya kumzuia mtu. Ilikuwa ya kuzuia kuku wasiingie, na kuwaambia watu kwamba mwenyewe katoka. Jirani akihitaji chungu alifungua, akachukua, akafunga tena, na sijawahi kusikia hata kijiko kimepotea.

Kufuli alilileta kaka yangu. Yeye ndiye wa kwanza kuzaliwa, anaishi Dar es Salaam, na tangu baba afariki amekuwa akituongoza kwa simu. Mimi ni fundi cherehani, napanga vyumba viwili Same mjini. Masika yale nilikuwa nimepanda kwa mama na wanangu wawili, shule zikiwa zimefungwa, tukimsaidia kupalilia.

Redio ikaanza kutangaza kimbunga. Kilikuwa kinakuja kutoka baharini, wakasema mvua zake zitafika mpaka milimani, na wanaokaa kwenye miteremko wahame mapema. Kaka alipiga simu asubuhi, akapiga mchana, na kesho yake akatokea mwenyewe na pikapu ya kuazima, tope mpaka kwenye vioo.

"Mama, funga vitu vyako," alisema kabla hata hajamaliza shikamoo.

"Marahaba," mama akamjibu taratibu. "Kaa kwanza unywe uji. Kimbunga ni cha watu wa pwani."

"Mlima huu unaweza kushuka. Choo cha jirani kilikwenda na udongo, umesahau?"

Hapo alisema kweli, na sitaki kumnyima haki yake. Udongo ulikuwa umeporomoka masika ya nyuma, na jirani, mjane aliyeolewa msimu mmoja na mama, hata choo chake kipya bado hakijaezekwa. Kaka alipiga magoti pale jikoni, suruali yake safi kwenye majivu, akasema hatalala akijua mama yake yuko chini ya udongo ule. Mama alimtazama mwanawe aliyepiga magoti, akalainika. Kwa huyo alikuwa analainika upesi tangu zamani.

"Siku ngapi?" aliuliza.

"Mpaka Jumatatu, mama. Kipite tu."

Mama alifunga vitu vya mtu anayerudi Jumatatu. Doti moja ya khanga, kitabu cha nyimbo za kanisani, dawa zake za presha, na mahindi ya kukoboa kwa ajili ya makande, maana alisema mahindi ya mjini hayaivi. Kisha akaenda kwenye mafiga, akayasogeza makaa pamoja, akayafukia vizuri kwenye majivu. Moto ule alikuwa akiulaza hivyo kila jioni na kuuamsha asubuhi, wala sikumbuki kumwona akiwasha moto wa kiberiti jikoni kwake. Akamwita jirani aje kuuangalia mpaka atakaporudi, na kuku pia awamwagie punje. Jirani alikataa kuhama. Alisema yeye kashuka mlima huo mara moja tu, kwenda kujifungua, na huko chini hakukupenda.

Tukapakia. Wanangu wameshapanda nyuma, mama amekaa mbele na furushi mapajani, ndipo nikamwona kaka mlangoni. Alikuwa na mashine ndogo ya kutobolea, ametia komeo la chuma, na anabana kufuli jipya linalong'aa kama sufuria ya dukani.

Jirani alikuwa amesimama uani. "Na moto je, baba?" alimuuliza. "Mama yako kaniachia moto."

"Utazimika tu, mama. Ndiyo usalama wenyewe. Watu wakisikia mama kahama wataiba."

"Watu gani?" jirani akauliza. Aliuliza kwa upole kabisa, na kaka akaingia kwenye gari. Mama aliyasikia yote dirishani. Alisema tu, "Jumatatu si mbali."

Tulishuka kwa njia ya Vunta, mvua ya kawaida ikitunyeshea, ile ile ya kila masika. Wanangu waliimba mpaka sauti zikakauka. Tulipofika Hedaru barabara ya lami ilikuwa kavu na vumbi linaruka nyuma ya malori. Na Same yenyewe, wenye mji wanajua, ni mahali ambapo mvua inatazamwa kwa mbali ikinyesha kwa wenzenu. Tulikimbia mvua tukaenda kukaa kwenye jua. Kaka alitushusha mlangoni kwangu, akanywa maji, akaendelea na safari ya Dar. Ufunguo wa mama ulikuwa kwenye pete moja na wa nyumba yake.

Kimbunga hakikufika. Jumapili redio ilisema kimepoteza nguvu baharini. Jumatatu asubuhi nilimkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda, kavaa viatu, furushi lipo mapajani.

Nikampigia kaka. "Lo, ufunguo nimeondoka nao," alisema. "Nitautuma."

Nikamngoja. Nikamwambia ampe kondakta wa basi, nitaupokea stendi. Akasema ufunguo wa nyumba si kitu cha kumpa mtu baki. Nikamwambia nitaufuata mwenyewe. Akasema nisihangaike, ngoja masika yaishe kwanza, udongo bado umelowa. Masika yakaisha. Akasema kiangazi maji ni ya shida kule, mama ataanguka na ndoo. Kila nilipompa njia yeye alikuwa na ukuta, na anaongea kwa adabu, mpaka mtu unajiona wewe ndiye mgomvi. Mwisho nilimuuliza waziwazi kama ana nia ya kumrudisha mama nyumbani.

"Dada," alisema, "tangu mama awe hapo kwako, mimi angalau nalala usingizi."

Nilikata simu. Kwa hiyo kumbe ilikuwa ni usingizi wake. Mama anakesha kwenye chumba cha bati, anajipepea kwa kipande cha boksi, yeye huko analala.

Maana mama hakuzoea. Makande aliyapika kwenye jiko la mkaa na kuyasukuma pembeni, anasema hayana moshi. Alijaribu kupanda mboga kwenye debe, jua likazichoma. Siku za gulio alikwenda kukaa na akina mama walioshusha tangawizi kutoka Myamba, si kununua, ni kuuliza tu. Mvua imenyesha? Nyumba ipo? Walimwambia ipo, nzima, hata bati halijang'oka, ila majani yameota mlangoni. Alirudi na habari hiyo akaikalia hadi gulio lijalo.

Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua. Siku moja nilizungumza na fundi wa magari hapa mtaani, akakubali kupanda na mimi akakate lile kufuli. Nikaja mbio kumwambia mama avae.

"Hapana," alisema.

"Mama, ni nyumba yako."

"Ni nyumba aliyoijenga baba yako, na mlango wake hauvunjwi. Anayevunja mlango ni mwizi. Ufunguo anao mwanangu, si jambazi. Ataleta."

Nilibishana naye mpaka wanangu wakatoka nje. Nililia, nikamwambia anamlea mtoto aliyeota mvi. Alifungua kitabu chake cha nyimbo na kukitazama, na mimi namjua mama yangu, akisema hapana imekwisha. Nikaenda kumwambia fundi hatupandi tena.

Vuli mama hakuimaliza. Presha ilimpanda, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Kule wodini muuguzi alimuuliza anaishi wapi. "Myamba," mama akasema. "Hapa nimekimbia mvua." Alifia hapo hapo hospitali, mimi nikiwa nimekwenda kumchukulia uji.

Kaka alikuja. Safari hii hakuwa na udongo uliolowa wala shida ya maji. Alikuja na gari la kukodi, turubai, viti na shati jeusi, akampandisha mama mlimani kwa barabara ile ile ya Vunta. Watu walikuwa wamejaa uani. Akatoa ile pete mfukoni, akachagua ufunguo bila kusita, na kufuli likafunguka mara moja. Halikuwa hata na kutu.

Ndani kulinuka panya. Jirani aliwapita wanaume wote, akaenda moja kwa moja kwenye mafiga, akachuchumaa. Aliingiza vidole kwenye majivu akachimba, pole pole, mpaka kwenye udongo. Mkono ulitoka mweupe. Akainua uso akamtazama kaka.

"Baba, una kiberiti?"

Kaka ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, watu wakamshika, wakimwambia jikaze, wewe ndiye mkubwa. Sikwenda kumshika. Nilikuwa nachambua kuni.

Tulimzika mama kando ya baba. Watu walipotawanyika kaka alinifuata pale mlangoni nilipokuwa nafunga kamba ya mgomba. Aliung'oa ufunguo kwenye pete akaninyooshea, macho mekundu.

"Shika wewe, dada. Nyumba sasa uiangalie wewe."

"Kaa nao tu, kaka," nilimwambia. "Usije ukakosa usingizi."