Choa cha Mwalimu Dawud

Miaka thelathini na mmoja nilifundisha sayansi hapa Amu, na kila darasa lilinisikia nikisema, "Usiniletee hadithi, niletee ushahidi." Basi niliposhikwa na choa mikono yote miwili, zawadi ya paka niliyekuwa nikimlaza kifuani, nilimwendea Bi Mwanamkisi, dada wa mke wangu. Sikwenda kutafuta dawa. Nilikwenda kumuumbua. Yeye huuza mafuta ya mwarobaini barazani kwake, na watu humsifu mpaka inachosha.

Nikampangia jaribio. Aniandalie vikopo viwili: kimoja mafuta ya nazi matupu, kingine yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini, asiniambie kipi ni kipi. Nilijiona bingwa. Nilipovifungua, kimoja kilikuwa kijani na kilinuka hadi paka akahama chumba. Siri ikaishia hapo, nami nikaendelea kama sijaona kitu.

Mkono wa kushoto nikapaka ya kijani, wa kulia ya nazi. Kila asubuhi nikapima kwa rula na kuandika daftarini. Wiki ya tatu, choa cha kushoto kilikuwa kimefifia, cha kulia kimepanda hadi kiwiko. Nikaanza kusalimia watu kwa mbali.

"Haya, mwalimu," akasema Bi Mwanamkisi.

"Mtu mmoja si ushahidi, shemeji," nikajibu huku nikijikuna.

"Kweli, mtu mmoya si kitu. Basi mkono huo tuuwate uliwe hadi wapatikane wengine mia?"

Sikuuacha uliwe; jioni ile ile nikaupaka mafuta ya kijani. Nao ukapoa.

Muuguzi wa zahanati naye aliniambia mtu mmoja hatoshi, ila yeye alisema bila kujikuna. Akaonya kwamba penye usaha au homa nisicheze na majani, niende kwake upesi.

Siku hizi huketi barazani kwa shemeji na rula yangu, nikiwapima wateja wake. Wamefika kumi na wanane. Juzi akarudi mmoja wao, Bi Sundus, na choa chake hakijapungua hata chembe. Kalamu yangu ilikuwa imeshaanza kumtungia kosa: labda hakupaka vizuri. Bi Mwanamkisi akachungulia daftari.

"Andika hakupona," akasema. "Kisha mpeleke zahanati."

Nikaandika. Nikamsindikiza Bi Sundus, nikimwomba radhi njia nzima, ingawa hakuwa ameniuliza kitu.