Sauti ya Kukaa Nayo Nyumbani

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisimame nyuma ya kaunta ambayo karibu haikuwa na kitu cha kuuza. Duka lilikuwa la umma, hapa Songea mjini, nami nilipangiwa idara ya redio na vyombo vya muziki. Rafuni kulikuwa na betri za tochi, na ukutani lilining'inia gitaa moja lisilo na nyuzi. Meneja wa Duka, bwana mrefu mwenye suti ya mikono mifupi, alinikuta nalipangusa vumbi.

"Unajua kulipiga hilo?"

"Shikamoo, Meneja. Sijui. Naimba kwaya tu, sauti ya pili."

"Marahaba. Mwimbaji wa sauti ya pili amezoea kusikiliza wenzake. Hapa nawe usikilize. Vitu vikija, tutaviuza."

Vitu vilichelewa sana kuja, lakini watu hawakuacha kuulizia. Walikuja wapigaji wa bendi za vyama vya ushirika na wa kwaya za parokia, wakitafuta nyuzi. Nikiwa sina nyuzi za kuwauzia, tulizungumza. Wao ndio walionifundisha kwamba gitaa kavu, lile lenye tumbo la mbao lililo wazi, hujitosheleza lenyewe, na kwamba gitaa la umeme bila amplifaya ni bubu. Amplifaya ndiyo inayoipokea sauti hafifu ya nyuzi, ikaikuza na kuitoa kwenye spika. Mpaka leo vijana wengi hudhani gitaa ndilo lenye sauti. Sauti iko nusu kwenye gitaa na nusu kwenye kile ulichochomekea.

Ilipofika miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, bidhaa zikaanza kumiminika, ila si kwetu. Wafanyabiashara walikwenda Dar es Salaam na kurudi na mabasi yamesheheni redio kaseti, spika na vyombo ambavyo tulikuwa tukiviona magazetini tu. Duka letu la umma likafungwa. Meneja alitushika mkono mmoja mmoja, akaenda kwao Madaba kulima mahindi. Nilipokutana naye baadaye alikuwa amenawiri kuliko alipokuwa ofisini.

Mimi nilichukuliwa na duka la mtu binafsi karibu na soko. Mwenye duka alipenda kuitwa Mkurugenzi, ingawa wafanyakazi wote tulikuwa mimi peke yangu. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kununua kitu asichokijua, na aliamini kwamba kila kilichokuja kwenye boksi lenye picha ya rangi kingepata mwenyewe.

"Skola," aliniambia asubuhi ya kwanza, "mteja akiuliza bei usimjibu haraka. Mchomekee gitaa kwanza. Akishalisikia, bei atauliza kwa upole."

Kwenye kabati la kioo tulikuwa na vikanyagio. Hivi ni visanduku vya chuma vinavyokaa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya. Mpigaji hukikanyaga kwa mguu sauti ikabadilika. Kimoja huitwa korasi, nacho hulifanya gitaa moja lisikike kama mawili yanayopigwa pamoja, moja likichelewa kidogo. Dilei hukurudishia ulichopiga, kama mtu anayekuitikia kutoka ng'ambo ya bonde. Mwangwi hukupa hewa ya kanisa kubwa. Halafu kuna disto, inayokwaruza sauti mpaka ikanguruma. Vijana waliipenda hiyo kuliko zote, na wazazi wao waliichukia vivyo hivyo. Umeme wetu wa mashine za dizeli ulikuwa ukipanda na kushuka, kwa hiyo nilimshauri kila mteja atumie betri. Adapta nyingi ziliungua Songea.

Kabatini kulikuwa pia na kisanduku kimoja cha plastiki nyeusi, chenye vitufe na kioo kidogo cha tarakimu, ambacho hakuna aliyekitaka. Mkurugenzi alikuwa amekileta akidhani ni dilei. Nilisoma kijitabu chake kwa taabu, nikaelewa kwamba kilikuwa kinaiga amplifaya. Ukichagua namba hii, gitaa lako litatoka kama limechomekwa kwenye amplifaya kubwa ya ukumbini. Ukichagua ile, kama kwenye amplifaya ndogo ya zamani. Kilikuwa na tundu la hedifoni, lakini spika hakikuwa nayo. Wapigaji wa bendi wakikishika walicheka. "Amplifaya isiyo na spika, dada? Si sawa na ng'ombe wa picha?"

Asubuhi moja aliingia mama mmoja mwenye sare ya unesi, kanga mabegani, macho yamevimba kwa usingizi. Aliitwa Yustina. Alikuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini, na hakutazama kitu chochote kabatini.

"Dada, mnauza kitu kitakachomfanya mume wangu apige gitaa mimi nisisikie?"

Nilimvutia kiti. Akaeleza. Mume wake, Bwana Ngonyani, alikuwa mpiga solo wa bendi ya chama cha ushirika. Ushirika ulipoyumba, bendi ikavunjwa, vyombo vikanadiwa, naye akanunua amplifaya yake mwenyewe, ile aliyoipigia miaka yote. Ilimfika mtu kifuani kwa urefu. Sasa ilikuwa imekaa sebuleni, kwenye nyumba yao ya vyumba viwili Bombambili, na yeye nesi alikuwa analala mchana.

"Nikimwambia apunguze, anapunguza. Ana adabu mume wangu, simsingizii. Lakini akipunguza anakuwa kama mtu aliyenyang'anywa chakula. Jana kasema ataiuza, na gitaa lenyewe. Nikashindwa kulala zaidi kuliko siku anazopiga."

Kesho yake akaja Bwana Ngonyani mwenyewe, mtu mpole wa vidole virefu. Alinithibitishia yote. Amplifaya kubwa, alisema, haina utamu mpaka uifungulie. Chini ya hapo spika haipumui, na sauti inakuwa kavu kama ugali bila mboga. Kabla sijajibu, Mkurugenzi akamwekea disto mkononi.

"Hii, Bwana Ngonyani, hata ukipiga kwa sauti ya chini inanguruma."

Akainunua. Baada ya siku chache akairudisha, akisema majirani walimuuliza kama amenunua mashine ya kusaga. Mkurugenzi aliipokea, lakini hakufurahi.

Hapo ndipo nilipoomba ruhusa ya kupeleka vyombo nyumbani kwa mteja. Nilikuwa nimeanza kuona kosa letu. Dukani tulikuwa tunawajaribishia watu sauti kwa nguvu, mlango wazi, barabara inapiga kelele nje. Mtu anapenda, ananunua, anafika nyumbani kwenye chumba chenye sakafu ya saruji na bati juu, na kile alichokipenda hakipo.

"Duka halitembei, Skola," alisema Mkurugenzi. "Likianza kutembea litavunjikia njiani."

"Likikaa tu, Mkurugenzi, litakuwa linarudishiwa vitu kila wiki."

Akachukua karatasi la boksi, akaanza kuvifunga vile visanduku yeye mwenyewe. "Panda teksi," akasema. "Usiende na baiskeli."

Jumamosi hiyo Yustina alikuwa mapumzikoni. Alinikaribisha kwa chai na mihogo, akakaa mlangoni akichambua maharage. Mimi na Bwana Ngonyani tulijaribu kimoja kimoja. Mwangwi tuliuondoa mara moja. Chumba kile kilikuwa na mwangwi wake wa kutosha. Dilei ilimfurahisha kwa dakika chache kisha ikamchanganya. Korasi aliipenda, hasa ikitiwa kidogo tu. Mwisho nikatoa kile kisanduku cheusi, nikamvalisha hedifoni.

Alianza kwa kukitilia shaka. Akapiga nota mbili, akasimama, akanitazama. Nikabadilisha namba. Akapiga tena, sasa vidole vikatembea, na mimi nilikuwa nasikia mgongano mdogo tu wa nyuzi. Uso wake ulibadilika. Alipiga muda mrefu, macho amefumba, na alipovua hedifoni alisema taratibu, "Nilikuwa ukumbini. Nimewasikia mpaka wacheza dansi." Yustina alicheka, akasema, "Basi hicho hicho."

Nilirudi dukani na furaha ya mtu aliyeuza kitu sahihi. Mkurugenzi alinisifu mbele ya wateja. Kama habari ingeishia hapo, ningestaafu nikiamini nimeijua kazi.

Ulipita kama mwezi, Yustina akarudi. Nikadhani kisanduku kimeharibika.

"Hakijaharibika. Nalala vizuri. Shida ni nikiwa macho." Alijishika shavu. "Namwita, hasikii. Namwekea chakula kinapoa. Anakaa pale mbele yangu, anatabasamu na watu nisiowaona. Na mimi nasikia tik, tik, tik, kama panya kwenye mahindi. Dada Skola, mimi nilimpendea lile gitaa. Nilikuwa mwanafunzi wa unesi, bendi yao ilikuja kupiga kwenye sikukuu. Nilitaka kimya, sawa. Sikutaka kimya cha moja kwa moja."

Nilimwambia anipe siku mbili. Nilikuwa nimewauliza mume anataka sauti gani, na mke anataka usingizi kiasi gani. Sikuwa nimewauliza wanaishije. Nilipomuuliza sasa, aliniambia kwamba kila jioni kabla ya kwenda zamu hupiga pasi sare yake sebuleni, na hiyo ndiyo saa pekee wote wawili wako macho na hawana haraka.

Nyumbani kwao nilikuwa nimeona redio kaseti. Nilimwomba Bwana Ngonyani ailete dukani pamoja na kisanduku. Kwa nyuma ilikuwa na tundu la kupokea sauti kutoka chombo kingine. Nikatafuta waya unaofaa, upande mmoja kwenye kisanduku, wa pili kwenye redio, nikachagua ile namba ya amplifaya ndogo ya zamani na kutia korasi kidogo. Ikatoka sauti nene, tamu, ya chini kiasi kwamba Mkurugenzi aliyekuwa anaongea na mteja hakuhitaji kupaza yake. Bwana Ngonyani alipiga wimbo mzima, kisha akaketi akitazama redio yake kama mtu anayemtazama mgeni aliyekuwa amemdharau.

"Mchana hedifoni, mama akiwa amelala," nilimwambia. "Jioni hii, akiwa anapiga pasi. Na akikuita, uitike."

"Naitika," alisema, kwa aibu kidogo.

Amplifaya kubwa aliikopesha kwaya ya parokia yao, na mpaka leo najua mahali ilipo. Yustina alipita dukani siku nyingine akielekea kazini, sare imenyooka kama karatasi mpya. Alisema tu kwamba siku hizi anachukua muda mrefu kupiga pasi.

Tangu hapo kila mteja wa nyumbani nilimuuliza maswali kabla ya kufungua kabati. Unalala na nani chumba hicho? Nani yuko upande wa pili wa ukuta? Unataka kusikika au unataka kusikia? Mkurugenzi alinitania kwamba nimegeuka padri wa maungamo. Lakini walikuja, kutoka Peramiho, kutoka Namtumbo, na vitu havikurudishwa tena kwa wingi ule.

Siku niliyostaafu, Mkurugenzi, ambaye naye alikuwa na mvi, alifungua kabati lote akaniambia nichague chochote. Nilichagua asubuhi nzima, nikichomeka na kuchomoa, mpaka akasema, "Sasa unanichosha kama wateja wako." Mwishowe niliondoka na gitaa kavu. Katika miaka yote ile sikuwahi kujifunza kupiga, na niliona nianze na lile lisilohitaji waya.

Vijana wa sasa wana sauti zote hizo kwenye simu, na sina ugomvi nao. Wakinijia kuuliza wanunue nini, huwauliza habari za nyumbani kwao kwanza, nao hushangaa. Mimi nimefikia nyimbo nne, zote za kanisani, na ya nne bado inanikwama katikati. Mume wangu, dereva mstaafu, nikianza hutoka nje kuwatazama kuku. Baada ya muda hurudi akasimama mlangoni na kuniuliza kama nimemaliza. Namwambia bado. Anavuta kiti, anakaa.