Vita vya Wawichita Shambani kwa Bibi

Enzi zetu vita vilihitaji farasi, na farasi alikuwa kikonyo cha jani la mpapai.

Likizo nilipelekwa Maramba kwa Bibi, Msambaa aliyeyapenda mahindi yake kuliko wajukuu. Mwaka ule nilibeba kitabu cha msaada kutoka shuleni, chenye habari za Wawichita wa Amerika. Waliishi kwenye nyumba za mviringo za nyasi, wakilima mahindi na maboga, nami nikawatangazia wenzangu kuwa hao ni Wasambaa waliopotea njia. Alfajiri moja askari wapanda farasi wa Marekani waliwavamia wageni waliopiga kambi kando ya kijiji cha Wawichita. Wenyeji nao wakakimbia, mahindi yao yakaharibiwa.

Tukaucheza ukurasa huo. Sisi tulikuwa Wawichita. Watoto wa jirani, Wazigua, wakawa askari. Bibi alishaniambia, "Likivunjika bua moja, kesho unarudi Tanga." Likizo ilibakiza wiki tatu. Kwa wasiwasi wangu, nilijadiliana na askari karibu saa nzima wasipite shambani. Wakakubali kwa heshima, wakapanda farasi, wakapita shambani.

Mistari minne ililala chini. Nikaanza kuyasimamisha mabua kwa kuyafunga kamba za mgomba. Bibi alinikuta kwenye bua la kumi na moja.

"Nani kafanya haya?"

Nikamwambia ni jeshi la Marekani. Akanituma nikakunje nguo zangu.

Nilikuwa nakunja shati la mwisho baba wa wale askari alipoingia uani, jogoo kwapani.

"Msambaa we, wanangu wamemalizia kazi ya babu zao."

"Mzigua gani wewe, unapigana na mahindi na bado unatuma watoto?"

Makabila yetu yalipigana kweli zamani, ndiyo maana sasa ni watani, na mtani hanuniwi. Bibi alimpokonya jogoo, akamvua na kofia, wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikaambiwa nizikunjue nguo.

Sasa nimehitimu chuo, kazi sina, muda wa kuwaza ninao. Nimetafuta ukurasa unaosema askari wale walirudi kwa Wawichita, wakasimama mlangoni wakatukanwa, wakacheka pamoja. Sijauona.

Juzi mpwa wangu aliua watu arobaini kwenye simu kabla ya chai. Nikamuuliza ni watani zake wa wapi. Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mzee, akaniomba chaja.