Boti ya Doria Niliyoipima kwa Akili ya Mbao

Jamani, kosa ni langu! Msimsingizie fundi wala chuma. Ile boti ya doria inayoota kutu Makambako niliichora mimi.

Nimezaliwa Njombe, familia ya mbao. Kwetu ubao ukiwa mrefu mara mbili, uzito nao mara mbili. Nikaenda kusoma uhandisi, na akili ya mbao nikaibeba hukohuko!

Kikao cha kwanza, mchoro ukiwa bado mistari michache, bosi akaniuliza mbele ya wageni, "Mhandisi, bodi tupu la boti, bila injini, litakuwa na uzito gani?"

Sikujua. Ningeomba wiki moja tu! Lakini wageni walivaa suti, nikaona aibu. Nikakumbuka boti ndogo tuliyowahi kuunda. Hii mpya ilikuwa ndefu mara mbili, basi uzito wa ile ndogo nikauzidisha kwa mbili, nikautaja. Wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa.

Nilisahau kwamba boti ikirefuka inapanuka pia, na mbavu zake za chuma lazima ziwe nene. Umbo lote tukalichora kwa kuamini namba yangu. Kisha kila mkubwa akaongeza lake "kidogo tu": huyu bati nene, yule jukwaa la mgeni rasmi. Nikaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee. Namba sikuigusa!

Boti ilipokamilika tukaipakia kwenye lori kwenda Ludewa. Baba mkwe wangu ni mvuvi huko Ziwa Nyasa. Mawimbi yalishamchukua mdogo wake, na boti hii, ikiwa doriani, ingeokoa watu. Nilimwahidi mimi mwenyewe, kifua mbele. Wakwe zangu wakasimama ufukweni na ngoma.

Lori likapanda mizani Makambako. Mpimaji akatazama, akatazama tena.

"Mhandisi, mmepakia na maji ya ziwa humo?"

Hata ukitoa lori, uzito ulizidi makadirio yangu zaidi ya mara mbili! Ingeshushwa ziwani, maji yangefika madirishani. Tukairudisha karakana yetu, palepale Makambako, na leo kuku wanataga kwenye jukwaa la mgeni rasmi.

Nikapiga simu. "Shikamoo baba. Boti imekwama."

"Marahaba mwanangu. Imekwama wapi?"

"Makambako."

"Haya. Nitawaambia wenzangu, atakayetaka kuzama akazamie Makambako."

Nililia, sifichi.

Wenzangu mnaochora vyombo, ukiulizwa uzito na hujui, sema hujui! Watakucheka kikao kimoja. Mimi wakwe zangu hawanicheki kabisa, na ziwa likichafuka hakuna anayenipigia simu.